Afande Aliyekuja Kulala Kibandani Kwangu

Wale mlionitumia matusi baada ya kusoma sehemu iliyopita, endeleeni tu. Mmoja wenu aliandika kwamba mwanamke kama mimi anafaa kuchapwa viboko mbele ya soko zima. Leo namwongezea sababu.

Kwa wanaonikuta hapa njiani, jina langu ni Kamene, Mama Ndindi, mshona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor. Jumatano moja ya mwaka jana nilimsukuma Dedan, keateka, yaani msimamizi, wa ploti yetu ya kupanga kule Mathare, kwa mikono yangu yote miwili. Alibingirika kwenye ngazi kutoka ghorofa ya tatu hadi ya pili, akagonga kichwa ukutani.

Maji ya ploti yetu hufunguliwa Jumatano pekee, saa nne asubuhi, na ufunguo wa mfereji ulikuwa ukining'inia kiunoni mwa Dedan. Siku hiyo nilitoroka sokoni nikaenda kuteka. Nilipofika juu na mitungi yangu miwili, Dedan aliupiga teke mmoja, maji yote yakashuka ngazi. Akaniambia nikachote mtoni na ng'ombe wa kwetu Ukambani. Hapo ndipo nilipomsukuma.

Lakini kilichowaudhi wengi ni lile jambo la Munyoki. Ni ndugu yangu mdogo, nimemlea tangu mama yetu afariki. Alitoka nyumbani aliposikia kishindo, akaniangalia, akamwangalia Dedan pale chini, kisha akaniambia nipitie uani nirudi sokoni upesi na nisimwambie mtu kwamba nilikuwa nimekuja nyumbani. Majirani walipofika walimkuta yeye amesimama karibu na Dedan. Na Jumapili iliyotangulia walikuwa wamemsikia akigombana na Dedan huyo huyo.

Munyoki alitoroka. Jioni ile nilimficha darini, juu ya kibanda changu, katikati ya ngozi mbichi. Dedan akalazwa hospitalini, hasemi, hafumbui macho. Polisi wakawa wanamtafuta Munyoki, na mimi mwenye mabinti wawili nikanyamaza.

Sasa sikilizeni ya Godoro.

Godoro ni jina ambalo watu wa Mathare walimpa Chifu Inspekta Kiarie, mkuu wa kituo chetu. Walisema aliwahi kulala katikati ya gwaride, amesimama, saluti mkononi. Walisema ukitaka kuiba Mathare, subiri tu Afande ashibe.

Alhamisi, siku moja tu baada ya Dedan kuanguka, Godoro alikuja kwenye ploti yetu kuchunguza. Alipanda ngazi akipumua kwa shida. Alipofika ghorofa ya tatu, pale pale penyewe, aliketi, akaegemea ukuta, akalala saa nzima. Watu walimpiga video. Ilizunguka kwenye simu za mtaa mzima, na mimi nikaiangalia mara tatu nikicheka. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa polisi wa namna ile.

Kabla ya hapo, konstabo wake Oketch alikuwa ameniandikisha taarifa. Nilisema kwamba Jumatano nilikuwa kibandani kwangu tangu asubuhi hadi jioni, na kwamba sikujua Munyoki alikokwenda. Niliweka sahihi.

Jumatatu saa tatu asubuhi wote wawili wakaja Kariokor.

Oketch ndiye aliyefanya kazi. Alifungua masanduku, akainama chini ya meza, akachokora matairi ya zamani tunayokatia soli. Alipoinua macho kutazama darini, harufu ya ngozi mbichi ikamshukia usoni, akaziba pua na kurudi nyuma. Alisema hakuna kitu.

Godoro hakugusa chochote. Aliomba stuli. Nikampa, nikidhani atakaa dakika tano apunge upepo. Aliisogeza hadi kwenye nguzo inayoshikilia dari, akamtuma Oketch akanywe chai, akavua viatu, akaegemeza mgongo na kufumba macho. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kimetoka nje. Nakumbuka kidole kile kuliko ninavyoukumbuka uso wake.

Nilimuuliza kama kuna jambo lingine nimsaidie. Akajibu bila kufumbua macho kwamba ofisi yake ina joto, na hapa kwangu kuna kaupepo kazuri.

"Wewe endelea na kazi, Mama Ndindi," akasema. "Mimi sina haraka."

Nikaendelea na kazi. Ndugu yangu alikuwa juu ya kichwa chake, mbao nyembamba tu katikati yao.

Nilimchukia mtu yule kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu, hata Dedan. Nilipiga misumari karibu na sikio lake. Nilifungua mkebe wa gundi nikauweka miguuni pake ili mvuke umchome pua. Nilichoma kipande cha tairi, moshi mweusi ukajaa kibanda kizima hadi macho yangu mwenyewe yakatoa machozi. Yeye alijikuna tumbo na kukoroma.

Wateja walikuwa wakifika, wakimwona, wakigeuza njia. Jirani yangu Jacky, anayetunga shanga kwenye kibanda kinachopakana na changu, aliona ni mchezo.

"Mama Ndindi, huyu buda amekuja kushika watu ama kulala?" akaniuliza kwa sauti. "Si tumletee blanketi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu ingekuwa ajabu nisicheke.

Shida yangu ilikuwa saa saba. Kila siku nilikuwa nikija na mikebe miwili ya chakula. Mmoja wangu, na mmoja wa Munyoki. Saa saba watu wanapokwenda kula, nilikuwa nikishusha pazia la kibanda, nafunga mkebe wa pili kwenye ncha ya fimbo na kumpandishia. Siku ile pazia ningelishushaje na mwanamume wa watu amelala ndani?

Saa saba ilipogonga Godoro akaamka. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwita. Aliangalia kikapu changu.

Kwetu, hata adui akikukuta unakula, unamkaribisha. Mama yangu angefufuka kaburini kama ningekula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Nikafungua mkebe wangu wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, nikasema neno ambalo kila mtu hulisema na wengi hulijibu kwa kusema wameshiba. Nikasema, karibu.

Akakaribia. Alikula mkebe wote, akalamba kijiko, akasema Wakamba wanajua kupika, akalala tena.

Mkebe wa pili ulibaki kikapuni hadi saa kumi na moja alipoondoka. Nilipompandishia Munyoki, chakula kilikuwa kimepoa na yeye alikuwa amejikunja, mikono tumboni.

Niwaeleze kuhusu tumbo la Munyoki. Ana vidonda vya tumbo tangu alipomaliza shule. Akikaa na njaa anaumia, na akila maharagwe anaumia zaidi. Nina jiko moja na sufuria moja kubwa, kwa hiyo napika muthokoi kwa pamoja, mahindi na maharagwe, halafu alfajiri nakaa na sahani na kuyatoa maharagwe ya Munyoki moja moja kwa vidole. Nimefanya hivyo miaka tisa. Sikuona ajabu yoyote.

"Sista, huyo karao anaenda lini?" akaninong'oneza. "Hii njaa itanimaliza. Nilitaka kukohoa nikauma mkono."

Akanionyesha alama za meno. Nilimwambia avumilie, kwamba mtu mvivu vile hawezi kurudi siku ya pili.

Jumanne saa tatu alirudi. Alikuja peke yake. Stuli ile ile, nguzo ile ile.

Ningeweza kubeba mkebe mmoja siku hiyo, mtasema. Na Munyoki ale nini? Nilibeba miwili na kupanga kumwambia Afande kwamba wa pili ni wa Jacky.

Saa saba akaamka, nikamkaribisha, akala wangu. Mimi nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nilimwangalia akitafuna, nikamwombea mfupa kooni, ingawa muthokoi hauna mfupa. Alipomaliza akasema bado njaa inamsumbua, akauliza ule mwingine ni wa nani. Nikasema ni wa Jacky.

Jacky akainua kichwa kutoka kwenye shanga zake.

"Mimi? Muthokoi sili, Mama Ndindi, si unajua. Mpe buda ale."

Nilitamani kumtoboa kwa msharasi wangu wa kutobolea ngozi. Nikatoa mkebe wa Munyoki nikampa Godoro kwa mkono wangu mwenyewe, na nikatabasamu nikimpa.

Alikula vijiko vitatu, akasita. Akachungulia ndani ya mkebe. Akakoroga kwa kijiko taratibu hadi chini. Wakati huo huo tumbo la Munyoki likanguruma kule juu, sauti ndefu, na mimi nikashika nyundo na kupiga soli ambayo ilikuwa imeshapigwa misumari yote.

"Tamu," Godoro akasema. "Maharagwe yamekwenda wapi?"

Nilijibu kwamba huo niliupika bila maharagwe, yalikuwa yamekwisha. Akaitikia kwa kichwa. Akamaliza chakula chote cha mgonjwa, akajifuta mdomo kwa kitambaa changu cha kupangusia viatu, akafumba macho.

Nilimwona mlafi, na nikamdharau vizuri zaidi kuliko jana yake. Wahenga wana lao kuhusu simba mwenda pole, lakini mimi pale sikumwona simba. Niliona tumbo na soksi yenye tundu.

Munyoki alikaa siku ile yote bila chakula. Jioni nilimpandishia maziwa na mkate, akatapika vyote. Aliniambia nisiwe na wasiwasi. Nilikwenda nyumbani nikalia hadi Ndindi akaniuliza kama Mjomba amekufa.

Jumatano asubuhi nilichambua tena maharagwe. Mtu anayezama hushika hata unyasi, na mimi niliamini kwamba Godoro atachoka na muthokoi.

Siku hiyo alifika saa nne. Alikuwa na Oketch tena, akamwacha pale kwenye kibanda cha chai, hatua chache tu. Aliketi, akavua viatu, lakini hakufumba macho. Aliniangalia nikikata ngozi, akaniangalia muda mrefu hadi nikajikata kidole.

"Mama Ndindi," akasema kwa sauti ya chini, "jana nilikula chakula cha mtu."

"Nilikukaribisha mwenyewe, Afande."

"Ulinikaribisha. Lakini uliniambia ule mkebe ulipikwa bila maharagwe, na mahindi yake yalikuwa mekundu. Mahindi hayawi mekundu bila kuchemka na maharagwe. Kuna mtu aliyatoa moja moja. Hiyo ni kazi ya saa nzima. Mimi singeifanya hata kwa mama yangu."

Nilifunga kidole kwa uzi.

Akaendelea, taratibu, na mkono mmoja ukikuna goti. Siku ile alipopanda ngazi za ploti, aliona dirishani kwetu chupa mbili za dawa ya vidonda vya tumbo zenye jina la Munyoki. Alikwishajua tangu Jumatatu kwamba mimi ninabeba mikebe miwili na kula mmoja, kwa sababu Jacky alimwambia hivyo walipokuwa wakipiga gumzo nikiwa nimekwenda msalani. Hakujua tu ni nani anayekula wa pili. Baada ya kuuonja akajua.

"Sasa nilikuwa na njia mbili," akasema. "Kupanda huko juu, ama kukaa hapa mpaka mwenyewe ashuke. Ngazi zinanichosha."

Nilimwambia yeye ni mnyama. Nilimwambia kwamba polisi wengine hupiga watu kwa rungu, lakini yeye alikaa hapa siku mbili, akala chakula cha mgonjwa akijua ni chakula cha mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe akifa njaa juu ya kichwa chake. Nilisema kwa kunong'ona, lakini nilisema yote.

"Jumatatu sikujua," akanijibu. "Jumanne nilijua. Hilo nalikubali. Lakini Mama Ndindi, si mimi peke yangu niliyemwacha na njaa. Kuna neno moja ungelisema Jumatatu asubuhi, na leo angekuwa nyumbani anakunywa uji."

"Neno gani?"

"Wewe ndiye unalijua."

Nikamwambia Munyoki hakumsukuma Dedan. Nilidhani nimetoboa siri kubwa. Godoro akapiga mwayo.

"Najua," akasema. "Ile video yangu uliiona?"

Nikasema niliiona.

"Uliona nimekalia nini?"

Nikaikumbuka video ile niliyoicheka mara tatu. Chifu Inspekta mzima, mdomo wazi, kofia imelalia upande, ameketi juu ya mtungi wa manjano wa lita ishirini. Mshikio wa mtungi umezungushiwa ngozi ya kahawia ili usikate kiganja, na ngozi imeshonwa kwa mshono wa mara mbili. Hakuna mtu mwingine ploti yetu anayeshona mshono ule. Ulikuwa mtungi wangu wa pili, ule ambao Dedan hakuupiga teke. Niliuacha pale nilipokimbia, na kwa kuwa ploti yetu hakuna anayegusa maji ya mwenzake, ulikaa pale pale hadi Alhamisi.

"Ulikuwa umejaa," Godoro akasema. "Ungekuwa mtupu ungebonyea, mimi ni mzito. Nikauliza akina mama waliokuwa wakipita maji hufunguliwa lini. Wakaniambia Jumatano saa nne, nusu saa tu, halafu basi. Wewe ukaandikisha kwa Oketch kwamba Jumatano hukutoka hapa. Nikafumba macho nifikirie, watu wakaona nimelala."

"Kwa nini hukunishika siku hiyo?"

"Kwa sababu mtungi hauwezi kusimama mbele ya hakimu. Wakili atasema mwanao ndiye aliyeteka. Kesi ya mtungi ni kazi nyingi sana. Kesi ya mtu aliyesema kwa mdomo wake ni karatasi moja, na mimi napenda karatasi moja."

Hakucheka aliposema hivyo. Aliniangalia kwa macho makavu kabisa, na hapo nikaelewa kwamba siku zote tatu hakuwa amelala hata dakika moja. Alikuwa ameketi akiningojea mimi. Munyoki alikuwa chambo tu.

Niliwaza mabinti zangu. Ndindi alikuwa darasa la mwisho, mdogo wake bado ananilalia mgongoni akiota vibaya. Niliwaza gereza la wanawake, ambalo nimelipita tu kwa mbali. Ningesema, nadhani ningesema, kama ngazi ya mbao ya darini isingelia nyuma yangu.

Munyoki alikuwa akishuka.

Alikuwa amesikia kila kitu. Alishuka akitetemeka, nywele zimejaa manyoya ya ngozi, nguo zikinuka, midomo imepauka. Jacky akaangusha shanga zake zote. Munyoki akasimama mbele ya Godoro na kunyoosha mikono.

"Ni mimi, Afande," akasema. "Nilimsukuma mimi. Huyu sista yangu hajui kitu. Maji niliteka mimi."

"Wewe na hilo tumbo uliteka lita arobaini ukapanda nazo ghorofa tatu?"

"Ndiyo."

Godoro akanigeukia. Alinipa nafasi, nami nikaiona nafasi ile imekaa wazi mbele yangu. Munyoki naye akaniangalia, akatikisa kichwa kidogo sana, nisiseme.

Nikanyamaza.

Na sasa niwape lile mnalongojea, nyinyi wa viboko. Nilipokuwa nimenyamaza sikuhisi uchungu. Nilihisi nafuu. Nilihisi mzigo umetoka mabegani, na niliwaza kwamba sasa nitakwenda nyumbani kuwapikia watoto. Ndugu yangu alikuwa amesimama pale na mikono imenyooshwa, na mimi nilikuwa nikifikiria chakula cha jioni. Nimeungama kwa padri mara mbili kuhusu Dedan. Kuhusu nafuu ile sijaungama kwa mtu, ila kwenu leo.

Godoro akainua kidole. Oketch akaja mbio, akamtia Munyoki pingu, akamsukuma nje. Habari zilikuwa zimeshasambaa. Wakata soli, wauza mikanda, akina mama wa vikapu, wote walimiminika kwenye njia, na wale wale waliokuwa wakinunua kwangu kila siku wakaanza kumwita Munyoki muuaji. Mmoja alimtemea mate. Oketch alipita kwa shida, hatua moja, kusimama, hatua moja.

Godoro hakufuata. Alikuwa bado ameketi kwenye stuli yangu, anavaa viatu polepole, wa kulia kwanza. Nilimwambia ameshapata mtu wake, aondoke kibandani kwangu.

Simu yake ikalia. Alisikiliza. Alisema ndiyo mara mbili, akauliza saa ngapi, akasema sawa. Kisha akaiweka simu mapajani.

"Ilikuwa hospitali," akasema. "Dedan amefariki. Nusu saa iliyopita."

Nikaishika meza. Nilimkumbuka Dedan alivyokuwa akiimba asubuhi akifagia uwanja wa ploti, jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka hata mara moja wiki ile. Nilikuwa nimeua mtu. Mtu mkorofi, lakini mtu.

"Oketch bado hajui," Godoro akaendelea. "Asubuhi hii kesi ilikuwa ya kujeruhi. Wakifika kituoni ataandika alichokisikia hapa, na atakachoandika sasa ni mauaji. Kikishaandikwa kwenye kitabu, hata mimi siwezi kukifuta. Ndugu yako atashikilia maneno yake, nimemwona ni mtu wa namna hiyo. Na kwa tumbo lile, sidhani atamaliza mwaka rumande."

Nikamwambia amkimbilie Oketch, amzuie.

"Mimi sikimbii, Mama Ndindi. Mtaa mzima unajua."

Akaegemea nguzo.

Nilitazama njia. Umati ulikuwa umefika karibu na lango la soko. Niliona kichwa cha Munyoki kikiwa chini, na mkono wa Oketch kwenye ukosi wake. Watu wawili walikuwa wameanza kumwachilia mpini wa nyundo mgongoni, na yeye hakujikinga, hata angetaka mikono ilikuwa imefungwa. Alikuwa na miaka kumi na moja mama alipofariki. Alinishika sketi kaburini hadi ikachanika, na nilimwambia hakuna mtu atakayemgusa mimi nikiwa hai.

Nilitoka nje ya kibanda, gundi kwenye viganja, damu kwenye kidole. Jacky alinishika kanga akiniuliza naenda wapi. Niliivuta.

Niliita jina la ndugu yangu. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia.

Munyoki akageuka, akaanza kutikisa kichwa kwa nguvu, mara nyingi, akinikataza. Oketch akageuka. Wenye nyundo wakasita. Soko lote likanyamaza na kunitazama, na mimi nikafungua mdomo kwa mara ya pili, kulisema lile neno la Jumatatu.

Nyuma yangu Afande Kiarie hakujisumbua kuinuka. Alikuwa amefumba macho, daftari limefunguliwa juu ya goti, na kalamu iko mkononi.